Dhahabu na Akiba ya Uzeeni: Hali ya Kwale na Pwani ya Kusini

Kuhamishia akiba ya uzeeni kwenye madini ya thamani ni kubadilisha ahadi kuwa kitu. Mwanachama wa mfuko wa pensheni ana ahadi mkononi: serikali imekopa kwa mfuko na itarudisha, kampuni zimeuza hisa na zitagawa faida zikipata, na mfuko utamlipa yeye siku ikifika. Mwenye dhahabu hamdai mtu. Hakuna wa kumdhulumu kwa kuchelewesha malipo, na vilevile hakuna wa kumlipa. Mengi yanayosemwa kuhusu dhahabu, kwa sifa au kwa lawama, yanatokana na jambo hilo moja.

Madini yanayohesabiwa kwa kawaida ni manne: dhahabu, fedha, platinamu na paladiamu. Mawili ya mwisho hutumika zaidi viwandani, hasa katika vifaa vya kusafishia moshi wa magari, na bei yake hufuata hali ya viwanda. Mwaka 2008 platinamu ilivuka dola 2,200 kwa aunsi, na kabla ya mwaka kwisha ikawa chini ya 900. Fedha nayo hupanda na kuporomoka kwa kasi: ilikaribia dola 50 Januari 1980, ikapakaribia tena 2011, na ikangoja hadi 2025 ndipo ikavuka kiwango hicho. Kwa mstaafu wa pwani swali halisi ni la dhahabu, kwa kuwa ndiyo sonara anayoijua na ndiyo inayouzika.

Katika Kaunti ya Kwale swali hili lilipata uzito mpya Desemba 2024, mgodi wa Base Titanium huko Msambweni ulipokoma kuchimba. Shehena ya kwanza ya mgodi huo ilisafirishwa mwanzoni mwa 2014 kupitia Likoni, na kwa muda wa miaka kumi na zaidi ukawa mwajiri mkubwa wa mishahara ya uhakika katika eneo ambalo kazi nyingi ni za msimu. Mfanyakazi anayeondoka kwa kupunguzwa hulipwa, kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya 2007, si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia. Kwa hiyo watu ambao hawajawahi kushika mkupuo wa pesa huushika kwa mara ya kwanza, na pamoja nao hukuta swali la mfuko wa pensheni walioacha kuuchangia. Hoteli za Diani huzaa hali inayofanana na hiyo kwa njia nyingine. Wahudumu wengi huajiriwa msimu wa watalii na kusimamishwa mvua za masika zinapoanza. Baada ya ghasia za Likoni za Agosti 1997 na wakati wa korona mwaka 2020, hoteli zilifunga na michango ikakatika. Mtu wa namna hiyo hufika miaka 60 akiwa na akiba yenye mapengo, na mapengo humfanya atafute njia ya kufidia haraka.

Sifa ya Kwale kuwa kaunti ya madini isimchanganye mtu hapa. Yaliyochimbwa na Base huko Maumba na Nguluku ni ilmenaiti, rutaili na zirkoni, madini ya viwandani yanayouzwa kwa tani na kutengenezewa rangi na vigae. Mlima Mrima, wenye msitu mtakatifu wa kaya, una niobiamu na madini adimu. Leseni ya kampuni ya Cortec kuchimba huko ilifutwa 2013, na dai lake la fidia mbele ya wasuluhishi wa kimataifa likatupwa 2018. Hakuna katika hayo kitu ambacho mstaafu anaweza kukiweka sandukuni. Dhahabu ya Kenya hutoka magharibi, Migori na Kakamega, na ile ya jirani hutoka Geita na kwingineko Tanzania.

Hata hivyo, wazo la kuweka uzee katika kitu kinachoshikika ni la zamani pwani ya kusini kuliko pensheni yenyewe. Mdigo wa Tiwi au Gazi alipanda minazi na mikorosho, Mduruma wa Kinango alifuga ng'ombe, na mwanamke wa pande hizo, hasa wa miji ya Waislamu, aliweka bangili, kipini na mkufu. Dhahabu ya mwanamke ina nguvu ya kisheria ambayo shamba mara nyingi halina: mahari ni mali ya mke peke yake, mume hana haki nayo, wala ndugu wa mume. Katika jamii ambayo warithi wa upande wa mama na wale wa upande wa baba wameshindania ardhi kwa vizazi, mali inayovaliwa mkononi ina mwenyewe asiyebishaniwa. Anayezungumzia dhahabu kama ugeni ulioletwa na matangazo ya redio na simu anasahau kwamba wajane wengi wa pwani wamezeeka kwa kuuza bangili moja baada ya nyingine.

Historia ya sarafu pia inaeleza kwa nini watu waliamini madini. Katika karne ya 19 dola ya Maria Theresa ilitembea pwani yote; ilikuwa na uzito wa gramu 28 hivi, na zaidi ya asilimia 83 yake ilikuwa fedha halisi. Rupia ya Kihindi iliyotumiwa na serikali ya kikoloni ilikuwa na gramu 10.7 za fedha. Mwaka 1921 ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, na rupia moja ikahesabiwa kuwa shilingi mbili. Shilingi hiyo ilikuwa na robo tu ya fedha, hivyo shilingi mbili zilibeba chini ya gramu 4. Hesabu kwenye daftari ilibaki ileile huku zaidi ya nusu ya madini ikiondoka.

Sasa sheria ya leo. Mfanyakazi wa Kenya hana mamlaka ya kuchukua michango yake na kuipeleka kwa sonara. Mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, NSSF, ulioanzishwa 1965, unafuata sheria ya 2013 ambayo utekelezaji wake ulianza Februari 2023 baada ya uamuzi wa Mahakama ya Rufani. Mfanyakazi hukatwa asilimia 6 na mwajiri huongeza asilimia 6. Katika mwaka wa tatu wa utekelezaji, ulioanza Februari 2025, mshahara uliohesabiwa ulikuwa na kikomo cha shilingi 72,000, yaani makato yasiyozidi 4,320 kwa kila upande. Sehemu ya pili ya mchango huo inaweza kuelekezwa kwenye mfuko binafsi uliosajiliwa, lakini mfuko tu, si duka la vito.

Mifuko yenyewe husimamiwa na mamlaka ya mafao ya uzeeni, RBA, chini ya sheria ya 1997. Kanuni zake za uwekezaji zina jedwali linaloweka kikomo kwa kila aina ya mali: hati za serikali hadi asilimia 90, hisa zilizoorodheshwa hadi 70, majumba na ardhi hadi 30, uwekezaji wa nje ya nchi hadi 15. Vipande vya dhahabu havina safu yake. Kilichopo ni nafasi ya mali nyinginezo, isiyozidi asilimia 10, na wanaoamua kuitumia ni wadhamini wala si mwanachama mmoja mmoja. Mwishoni mwa 2024 mifuko ya Kenya ilikuwa na zaidi ya shilingi trilioni 2, na zaidi ya nusu yake ilikuwa imekopeshwa serikali. Takwimu hiyo ni hoja nzito kwa upande wa dhahabu kuliko nyingi zinazotolewa na wauzaji wake: mstaafu wa Ukunda ambaye pensheni yake yote inategemea deni la serikali moja na sarafu moja ana sababu ya haki ya kutaka kitu kidogo kilicho nje ya hizo mbili.

Milango ya kutoka ni michache. Anayestaafu katika mfuko wa pensheni hupokea theluthi moja kwa mkupuo, na theluthi mbili hulipwa kidogo kidogo kila mwezi. Katika mfuko wa akiba hupokea zote mara moja. Anayeacha kazi kabla ya wakati hawezi kutoa kila kitu. Sehemu hubaki imefungwa hadi umri wa kustaafu. Tangu 2020 mwanachama anaweza kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yake, isiyozidi shilingi milioni 7, kununulia nyumba ya kuishi. Dhahabu haikupewa ruhusa kama hiyo. Basi swali la kuhamisha huja kwa kweli katika nyakati tatu: siku ya mkupuo, siku ya kupunguzwa kazini, na pale mtu anapoamua kuacha kuchangia kwa hiari na kuweka pesa hizo kwenye madini.

Njia hii ya tatu ndiyo mbaya zaidi kwa mwenye mshahara, na hesabu yake ni rahisi. Tangu 27 Desemba 2024 mchango wa hadi shilingi 30,000 kwa mwezi hautozwi kodi ya mapato. Kabla ya hapo kiwango kilikuwa 20,000. Kwa anayelipa kodi ya asilimia 30, shilingi 1,000 ikiingia kwenye mfuko huingia nzima, lakini ikipita mkononi kwenda dukani hufika ikiwa 700. Dhahabu yake italazimika kupanda kwa asilimia 43 ndipo ifike pale alipoanzia mwenzake aliyechangia mfuko, na hapo mchango wa mwajiri bado haujahesabiwa.

Je, dhahabu hulinda thamani? Jibu linategemea miaka inayotazamwa na sarafu inayotumika kupimia. Miaka ya 1992 na 1993 inaitetea. Kashfa ya Goldenberg, ambamo serikali ililipa fidia ya asilimia 35 kwa mauzo ya nje ya dhahabu na almasi ambayo kwa sehemu kubwa hayakuwepo, ilimwaga shilingi nyingi sokoni. Mfumuko wa bei ulifika wastani wa asilimia 46 mwaka 1993. Dola moja iliyokuwa wastani wa shilingi 32 mwaka 1992 ikawa wastani wa 58 mwaka uliofuata. Aunsi ya dhahabu, ambayo kwa dola haikusogea sana, ikatoka kama shilingi 11,000 hadi karibu 21,000. Mwenye bangili aliokoka, na mwenye kitabu cha posta aliliwa. Inauma kwamba pigo hilo liliwafika wastaafu kupitia udanganyifu uliofanywa kwa jina la dhahabu yenyewe, dhahabu ambayo Kenya haikuwa nayo kwa kiasi hicho.

Mwaka 2024 ulionyesha upande mwingine. Mwishoni mwa Januari aunsi ilikuwa kama dola 2,030 na dola ilikuwa karibu shilingi 161, hivyo aunsi ilikaribia shilingi 327,000. Kisha Kenya ikalipa mkopo wake wa kimataifa uliokuwa unaiva, hofu ikatulia, na shilingi ikaimarika hadi 129 hivi. Mwishoni mwa Juni aunsi ilikuwa imepanda hadi dola 2,325, ongezeko la zaidi ya asilimia 14 duniani, lakini kwa shilingi ilikuwa imeshuka hadi 300,000. Aliyekimbilia dhahabu Januari kwa woga wa shilingi alipoteza karibu asilimia 8 katika miezi mitano, na katika kipindi hichohicho hati fungani ya miundombinu iliyouzwa Februari ilikuwa na riba ya zaidi ya asilimia 18 isiyotozwa kodi. Walionunua na kukaa walilipwa baadaye: aunsi ilivuka dola 3,000 Machi 2025 na dola 4,000 Oktoba mwaka huohuo. Lakini mstaafu hachagui daima siku ya kuuza. Ugonjwa na karo ya wajukuu humchagulia.

Mfano mrefu zaidi ni wa kutisha. Januari 1980 dhahabu ilifika dola 850 kwa aunsi. Haikurudi kwenye bei hiyo hadi Januari 2008, miaka 28 baadaye, ambayo ni umri mzima wa kazi. Kwa kuwa shilingi ilishuka kutoka kama 7.40 kwa dola hadi zaidi ya 60, mwenye aunsi moja aliona idadi ya shilingi zake ikiongezeka karibu mara tisa, na huenda alifurahi. Bei za unga, sukari na nauli katika muda huo ziliongezeka mara nyingi zaidi ya hapo. Wanaoonyesha watu mchoro wa bei ya dhahabu tangu 2005 huanzia mahali panapowafaa.

Tatizo kubwa kuliko kupanda na kushuka ni kwamba dhahabu haizai. Chukua mkupuo wa shilingi 1,200,000. Kwa bei ya dola 4,000 na dola ikiwa shilingi 129, gramu moja ya dhahabu safi hugharimu kama shilingi 16,600, na mkupuo huo hununua gramu 72 ikiwa muuzaji haongezi hata senti. Mwenye kuhitaji shilingi 15,000 kwa mwezi atalazimika kuuza gramu 0.9 kila mwezi, na hakuna sonara anayemega mkufu kwa kipimo hicho. Bei isipobadilika, dhahabu yote itakwisha kabla ya miaka saba. Pesa hizohizo zikiwekwa kwenye hati ya serikali yenye riba ya asilimia 12, kwa mfano, huleta 144,000 kwa mwaka kabla ya kodi, na shina lake hubaki, ingawa mfumuko wa bei utalipunguza nguvu. Dhahabu ni nzuri kwa kungoja, na mzee wa miaka 60 asiye na kipato kingine hana nafasi ya kungoja.

Kwa upande wa namna ya kuinunua, iliyo karibu zaidi ni ya sonara, na ndiyo ya gharama kubwa zaidi. Karati 22 ni dhahabu kwa asilimia 91.6, karati 21 ni 87.5, karati 18 ni 75. Mkufu wa gramu 40 una gramu 36.7, 35 au 30 za dhahabu halisi kwa mfuatano huo, na chapa ya 916, 875 au 750 iliyogongwa ndani ndiyo inayotofautisha, maana kwa macho rangi hudanganya. Juu ya thamani ya dhahabu huja ujira wa ufundi na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Ufundi ukiwa asilimia 10, kilicholipiwa shilingi 127.60 kina dhahabu ya shilingi 100. Mnunuzi akirudi kuuza wiki ijayo, na hata akibahatika kulipwa thamani kamili ya dhahabu, amepoteza zaidi ya shilingi 21 katika kila 100 alizotoa. Uzuri wa mkufu ni haki ya mvaaji na si upotevu. Kosa ni kuuhesabu ufundi kama akiba. Wanawake wanaorudi kutoka Saudia na Oman wakiwa na bangili za karati 21 zisizo na nakshi nyingi wamelielewa jambo hili vizuri.

Mahali pa kuuzia napo pana shida yake. Masonara wa kutosha kushindanisha bei wako Mombasa, ng'ambo ya kivuko cha Likoni. Mstaafu wa Lunga Lunga au Vanga anayehitaji pesa leo atamuuzia aliyepo, na aliyepo hutaja bei anayotaka. Kuweka nyumbani ni kualika wezi. Na wakati amana ya benki ina kinga ya shilingi 500,000 kwa kila mteja endapo benki itaanguka, bangili iliyoibiwa haina kinga isipokuwa iliyokatiwa bima. Kwa haki, ikumbukwe pia kwamba wanaoogopa benki hawaogopi bure: Imperial ilifungwa Oktoba 2015 na Chase Aprili 2016, na kaunti nyingi zimewakata wafanyakazi wao michango bila kuifikisha kwenye mifuko.

Iko njia isiyohitaji sanduku. Machi 2017 Soko la Hisa la Nairobi liliorodhesha hati za NewGold, ambazo zilikuwa zimeanza kuuzwa Johannesburg mwaka 2004. Kila hati inasimamia takriban sehemu moja ya mia ya aunsi ya dhahabu halisi iliyowekwa hazinani, na hununuliwa kupitia wakala wa hisa kama hisa nyingine. Hazina ufundi wa kulipia, na mtu anaweza kuanza kwa hati chache. Udhaifu wake ni kwamba biashara yake Nairobi imekuwa haba mno, hivyo anayetaka kuuza nyingi kwa siku moja huenda asipate mnunuzi kwa bei ya haki. Pamoja na hayo, kwa mfanyakazi wa Diani anayetaka dhahabu kama akiba na si kama pambo, hii ni njia safi kuliko kabati la sonara, na inastahili kujulikana zaidi ya ilivyo.

Dhahabu ghafi, ya unga au vipande vya mgodini, si njia. Sheria ya Madini ya 2016 inamtaka anayefanya biashara ya madini awe na leseni, na mstaafu anayenunua unga wa dhahabu kwa mtu asiye na leseni hujiingiza kwenye kosa kabla hata hajajua kama ni dhahabu au shaba.

Kwa wakazi wengi wa Kwale, ambao ni Waislamu, kuna kipimo kingine kinachotangulia faida. Riba ya hati fungani na ya akaunti ya kawaida ni haramu kwao, na hii hufanya dhahabu ivutie kwa sababu isiyo na uhusiano na bei. Ila dhahabu nayo ina masharti. Kuibadilisha kwa pesa ni lazima kuwe mkono kwa mkono. Kuinunua kwa mkopo wa malipo ya polepole, au kununua dhahabu ambayo muuzaji hajaitenga kwa ajili ya mnunuzi, kuna kasoro kisheria, na kiwango kilichotolewa 2016 na shirika la AAOIFI la Bahrain kinaeleza mipaka hiyo kwa kina. Zaka nayo ina uzito wake. Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa pwani, pambo la halali linalovaliwa halitolewi zaka, lakini dhahabu iliyowekwa kama akiba hutolewa asilimia 2.5 kila mwaka ikifika gramu 85. Mwenye gramu 100 akitoa zaka kutoka kwenye dhahabu yenyewe atabaki na chini ya gramu 84 baada ya kutoa mara saba. Mali inayozaa hulipa zaka yake kwa mazao. Dhahabu hulipa kwa mwili wake. Anayekwepa riba ana haki ya kutazama kwingine pia: Gulf African na First Community, ambayo sasa ni Premier, zilianza kufanya kazi 2008 kama benki za Kiislamu, na 2023 nchi ilipata sukuk, yaani hati fungani ya Kiislamu, yake ya kwanza kwenye soko la hisa, ya shilingi bilioni 3. Uwanja huo bado ni mwembamba, na wasimamizi wa pensheni wanawiwa na Waislamu wa pwani mifuko halali iliyo mingi kuliko ya sasa.

Ulaghai unahitaji kuzungumziwa kwa uzito wake, kwa sababu dhahabu bandia ni biashara iliyokomaa Kenya. Utaratibu wake haubadiliki sana: mteja huonyeshwa sanduku, hupewa kipande cha kweli akipime popote, hulipa sehemu ya bei, kisha huanza kudaiwa ada za forodha, za kusafirisha, za bima, hadi pesa zinapokwisha. Toleo la pili huwalenga wastaafu wa ndani na huja kwa sura ya kikundi cha uwekezaji: toa mkupuo wako, tutanunua dhahabu, utapata faida kila mwezi. Hapa dalili iko wazi. Dhahabu hailipi kila mwezi. Anayelipa faida ya kila mwezi kwa jina la dhahabu hulipa kwa pesa za aliyejiunga jana, na siku wapya watakapokwisha malipo yatakwisha. Hata Marekani, ambako sheria ya 1997 iliruhusu aina fulani za akaunti za uzeeni kushika dhahabu ya usafi wa asilimia 99.5, fedha ya 99.9 na platinamu ya 99.95 chini ya mtunzaji aliyeidhinishwa, wazee walinaswa: Septemba 2020 serikali ya huko na majimbo 30 walishtaki biashara ya Metals.com kwa kuchukua dola milioni 185, kwa sehemu kubwa kutoka kwa wazee, kwa sarafu zilizouzwa kwa bei ya kupita kiasi. Mpwani anayefanya kazi Marekani mwenye akaunti kama hiyo ajue pia kwamba sheria haimruhusu kuiweka dhahabu hiyo nyumbani. Mahakama ya kodi ilisisitiza hivyo katika kesi ya McNulty ya 2021.

Wazungu waliostaafu Diani wako katika hali tofauti. Pensheni zao huja kwa euro, faranga au pauni, kwa hiyo kushuka kwa shilingi huwanufaisha. Waingereza miongoni mwao wana sababu moja ya kutafuta kinga: pensheni ya serikali ya Uingereza haiongezwi kwa anayeishi Kenya, hubaki kiwango kilekile mwaka hadi mwaka huku bei zikipanda. Kwao dhahabu kidogo ina mantiki ambayo haimhusu jirani yao anayelipwa kwa shilingi.

Mataifa ya jirani yananunua dhahabu. Benki Kuu ya Tanzania imekuwa ikiikusanya, na tangu Oktoba 2024 wachimbaji na wauzaji wa nje wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 kwa soko la ndani. Hoja ya kwamba mstaafu afanye kama benki kuu husikika, lakini haisimami. Benki kuu haizeeki, hailazwi hospitali ya Msambweni, na haitegemei akiba yake kwa chakula cha mwezi huu.

Hukumu inayofaa Kwale basi ni ya mpangilio. Kwanza kipato cha kila mwezi kitakachodumu hadi kufa, kutoka kwenye pensheni, kodi ya nyumba, shamba lenye hati au uwekezaji halali. Posho ya serikali ya Inua Jamii, ya shilingi 2,000 kwa mwezi, kwa wenye miaka 70 na zaidi haimtoshi mtu. Pili, matumizi ya miezi kadhaa mahali pa kuchukulika siku hiyohiyo. Baada ya hayo, sehemu moja ya kumi kwenye dhahabu ni kinga ya maana dhidi ya mwaka kama 1993. Zaidi ya hapo ni kubashiri bei kwa chakula cha uzeeni. Mwanamke ambaye tayari ana bangili za mahari yumkini ameshaifikisha sehemu hiyo na hahitaji kuongeza gramu. Na kabla ya kutoa senti, mstaafu aulize RBA kama mfuko umesajiliwa, aulize Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kama wakala ana leseni, na aulize Wizara ya Madini kama muuzaji ameidhinishwa. Asiyekuwepo kwenye orodha ya yeyote kati ya hao watatu asipewe pesa.